Nia Njema Haiondoi Hisabu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu yangu msomaji, kila linaposhuka balaa la mafuriko au tufani au zilizala, hushuka pamoja nalo mambo mawili. La kwanza ni watu wanaoondoka majumbani mwao bila ya kulipwa wala kulazimishwa, wakenda kuokoa na kuzika na kulisha. La pili ni maneno. Husemwa: "Fulani amekwenda kutafuta jina." Husemwa: "Fedha zile zimekwisha liwa." Husemwa: "Serikali iko wapi? Kazi hii si yetu." Na wale waliokwenda, nao hurudi na maneno yao: "Tumezitoa roho zetu, na shukrani yetu ni kuitwa wezi. Hatwendi tena." Basi balaa la pili likija, walio tayari kwenda huwa wachache, na walio tayari kutoa huwa wachache zaidi, na mwenye kulipa gharama ya ugomvi huu ni yule aliye chini ya matope, ambaye hakumdhania mtu wala hakudhaniwa.

Makusudio ya waraka huu ni kuitazama mas'ala hii kwa mizani ya sheria. Ni ipi haki ya mwenye kujitolea juu ya watu, na ni ipi haki ya watu juu yake? Tutaanza na khabari ya mji mmoja wa Waislamu, ili maneno yetu yasiwe ya hewani.

Mji wenyewe ni Derna, katika pwani ya Libya. Ni mji wa zamani, na ndani yake mna Msikiti wa Masahaba. Katikati yake lapita bonde liendalo baharini, na juu ya bonde hilo yalijengwa mabwawa mawili katika miaka ya 1970, ili kuukinga mji na mafuriko. Tarehe 10 Septemba 2023 tufani iliyopewa jina la Daniel, iliyokuwa imekwisha kuleta maangamizo Ugiriki, iliingia Libya ya mashariki. Katika mji wa Al-Bayda, ambao ni jirani, ilipimwa mvua ya milimita 414 kwa siku moja. Usiku ule, kabla ya mapambazuko ya tarehe 11, mabwawa yote mawili yakavunjika, na maji yakachukua mitaa mizima pamoja na watu wake, yakaitupa baharini. Waliokufa ni maelfu, na watu zaidi ya 40,000 wakahama makwao.

Nchi ile wakati huo ilikuwa na serikali mbili zisizosikizana, moja Tripoli na moja mashariki, na baina ya pande hizo mbili palikuwa pamekwisha pita vita. Walakini khabari ilipoenea, misafara ya magari ikatoka Tripoli na Misrata na miji mingine ya magharibi, imebeba chakula na nguo na vijana wenye majembe. Hawakungoja serikali zipatane. Wenye kujitolea watatu wa Hilali Nyekundu ya Libya walikufa wakiwa katika kazi hiyo ya kuokoa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hiyo ni sura moja ya Derna, nayo ni sura ya kujivunia Uislamu.

Sura ya pili ni hii. Hata idadi ya waliokufa haikupatiwa neno moja. Umoja wa Mataifa ulitangaza watu 11,300 na kuitaja Hilali Nyekundu kuwa ndiyo iliyosema. Hilali Nyekundu ikakanusha. Kisha idadi ikarejeshwa kuwa 3,958, na maelfu wengine hawajulikani walipo. Tarehe 18 Septemba watu wa mji wakakusanyika mbele ya Msikiti wa Masahaba, wakitaka waliohusika wahisabiwe, na usiku ule nyumba ya mkuu wa mji ikatiwa moto. Siku ya pili yake simu na intaneti zikakatika. Wenye mamlaka wakasema nyaya zimeharibika. Watu wakadhani zimekatwa kusudi. Wala dhana yao haikuota pasipo mbegu. Katika mwaka wa 2021 idara ya ukaguzi wa hisabu ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha andika kwamba zaidi ya yuro milioni 2 zilitengwa katika miaka ya 2012 na 2013 kwa matengenezo ya mabwawa yale mawili, na matengenezo hayakufanywa. Na mwezi wa Julai 2024 mahakama ya Derna iliwahukumu maofisa 12 vifungo vya miaka 9 mpaka 27.

Zingatia, ewe ndugu. Ukuta wa bwawa ulianguka usiku mmoja, walakini ukuta wa amana ulikuwa umekwisha anguka miaka mingi kabla yake. Na watu wasipokuwa na amana na wakubwa wao, hawakomi hapo. Humdhania kila ashikaye kitu cha umma, hata kijana aliyekuja na jembe lake.

Basi na tuyatazame maneno matatu tuliyoyataja, moja moja.

Neno la kwanza: "Kazi hii si yetu, ni ya serikali." Imam Nawawi katika Minhaj, katika mlango wa Siyar, amehisabu miongoni mwa faradhi za kifaya kuwaondolea Waislamu madhara, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, pale ambapo zaka na Baitul Mali hazikutosha kuyaondoa. Tazama sharti hiyo. Upungufu wa Baitul Mali hauwi udhuru wa mwenye uwezo kuketi. Upungufu huo ndio unaomletea wajibu mlangoni mwake. Mwenye kusema "serikali imetaksiri" huenda akawa amesema kweli, na taksiri hiyo itaulizwa kwa wenyewe. Lakini mtoto mwenye njaa hashibi kwa kujua ni nani aliyetaksiri. Na faradhi ya kifaya, kama ijulikanavyo na kila aliyepita chuoni, ikiachwa na wote, basi dhambi huwa juu ya kila aliyeweza asifanye.

Neno la pili: "Fulani amekwenda kutafuta jina, na fedha zimeliwa." Neno hili si geni. Amri ya sadaka ilipokuja Madina, masikini wa Kisahaba walikuwa wakijitwisha mizigo ya watu kwa ujira ili wapate cha kutoa. Akaja Abu Aqil na nusu ya pishi, akaja mtu mwingine na mali nyingi. Wanafiki wakasema juu ya huyu wa nyingi kwamba ametoa kwa ria, na juu ya yule wa nusu pishi kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na kitu kidogo kama kile. Mwenye kingi hakuokoka, na mwenye kidogo hakuokoka. Ndipo ikashuka aya katika Suratut Tawba inayowakemea wale wenye kuwatia aibu waumini wanaojitolea sadaka. Na jina walilopewa waumini hao katika aya hiyo ndilo jina la wenye kujitolea, al-muttawwiina. Basi na aogope mtu kusimama mahali ambapo Kurani imekwisha mtaja aliyesimama hapo kabla yake.

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya, nalo ndilo moyo wa waraka huu. Dhana si sawa na suala. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa dhana nyingi, na katika sura iyo hiyo tumeamrishwa tuhakikishe khabari tunapoletewa. Aliyekataza dhana ndiye aliyeamrisha uhakika, na uhakika haupatikani ila kwa kuuliza. Mwenye kuuliza mbele ya mtu, "Ndugu, ile mifuko 40 ya mchele imefika wapi?" huyo ametaka haki. Mwenye kunong'ona barazani, "Mchele umeuzwa," hali hakuuliza wala hakuona, huyo amekula nyama ya nduguye. Sheria imemtaka mwenye kudai alete ushahidi. Wala hapana mlango wa tatu baina ya kuuliza na kunyamaza.

Neno la tatu ni la wenye kujitolea wenyewe: "Tumefanya kwa ajili ya Mungu, basi kwa nini tuulizwe?" Neno hili husikika zuri, na ndilo lenye khatari kuliko yote. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya sadaka za Bani Sulaym. Aliporudi alihisabiwa, akasema: hiki chenu, na hiki nimepewa zawadi. Mtume akapanda juu ya mimbari akaliambia kundi la watu wote, na akauliza kwamba lau mtu yule angeliketi nyumbani kwa babake na mamake, je, zawadi hiyo ingelimfikia? Habari hii wameipokea Bukhari na Muslim. Ikiwa aliyetumwa na Mtume mwenyewe alihisabiwa, na hisabu yake ikatolewa mbele ya watu, basi ni nani katika sisi aliye mkubwa kuliko hisabu?

Na tazama amri zenyewe za Kurani. Msimamizi wa yatima anapomkabidhi mali yake ameamrishwa aweke mashahidi, ijapokuwa yeye ni mwaminifu. Wenye kukopeshana wameamrishwa waandike, deni likiwa dogo au kubwa, na sababu iliyotajwa ni kwamba kuandika ndiko kunakoiweka mbali shaka. Hakusemwa kuwa waandike kwa sababu wao ni wezi. Wameambiwa waandike ili shaka isipate pa kuingia baina ya watu wema. Daftari haliwekwi kwa ajili ya mwizi. Mwizi hujua njia ya kulipita daftari. Daftari huwekwa kwa ajili ya mwaminifu, ili uaminifu wake uonekane.

Na lililo zito zaidi ni khabari ya Bibi Safiyya. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu ya Ramadhani, mkewe akaja kumzuru usiku, naye akaondoka amsindikize. Wakapita watu wawili wa Kiansari, walipomwona wakaharakisha mwendo. Mtume akawaita wasiharakishe, akawajulisha kwamba aliye pamoja naye ni Safiyya. Wale watu ikawa uzito kwao kwamba yeye adhani wao watamdhania. Naye akawafahamisha kuwa shetani hupita kwa mwanadamu mapito ya damu, na kwamba alichelea asitie kitu katika nyoyo zao. Huyo ni Mtume, aliyekingwa na dhambi, na hao ni Ansari. Hawakumwuliza, naye akawaeleza. Hakusema: wanaonijua watanijua. Basi mkusanyaji wa mchango anayekasirika kwa kuulizwa hisabu ajitazame amefuata mwendo wa nani.

Atasema mtu: "Kudhihirisha amali ni ria, nami naficha." Jibu lake ni kwamba amechanganya vitu viwili. Ria ni kuonyesha amali yako. Hisabu ni kuonyesha mali ya wenzio. Sadaka uliyoitoa mfukoni mwako ifiche, hata mkono wa kushoto usijue. Ama sadaka uliyokabidhiwa na watu mia, hiyo si yako hata ukaificha. Wewe ni wakili wao. Na wakili, kwa mafundisho ya madhehebu yetu, ni mtu wa amana: kikipotea kitu pasi na taksiri yake hakilipi, na neno lake husadikiwa kwa kiapo. Tazama jinsi sheria ilivyomhifadhi. Lakini haruhusiwi kutoka katika lile aliloagizwa. Aliyepewa fedha za mahema asinunue unga mpaka awarejee wenyewe, ijapokuwa kwa rai yake unga ni bora zaidi. Kadhalika nauli na chakula cha safari: ikiwa vitatolewa katika mchango, na visemwe kabla ya mtu kutia mkono mfukoni. Kitu kile kile kikisemwa mwanzo huwa ruhusa, na kikigunduliwa mwisho huwa fedheha.

Uaminifu peke yake pia hautoshi. Nabii Yusuf (A.S.) alipotaka awekwe juu ya khazina za nchi, alizitaja sifa mbili: kuwa yeye ni mtunzaji, na kuwa yeye ni mjuzi. Sifa ya kwanza bila ya pili huzaa madhara yasiyokusudiwa, na mfano wake tunaurejelea Derna. Maiti walipozidi, watu wenye kujitolea na wenye mamlaka waliwazika upesi katika makaburi ya pamoja, zaidi ya maiti 1,000, wengi wao hawakutambuliwa, kwa khofu ya maradhi. Tarehe 15 Septemba 2023 Shirika la Afya Duniani na jumuiya za Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu zikaomba maziko ya namna hiyo yasimame, kwani maiti wa mafuriko aghlabu hawaleti maradhi ya kuambukiza, na kuzika bila ya kutambua huwaachia waliobaki mashaka makubwa.

Na mashaka hayo, sisi watu wa fikihi twayajua kwa majina yake. Katika kauli iliyotegemewa ya madhehebu ya Imam Shafi, mke wa mtu aliyepotea haolewi mpaka ipatikane yakini ya kufa kwake au ya talaka. Na mali yake hairithiwi mpaka mauti yake yathubutu, au upite muda ambao mfano wake haishi, na kadhi ahukumu. Basi kijana aliyezika kwa haraka asiandike alama ya nguo wala pete wala mahali alipomwokota maiti, ametaka thawabu za kuzika, na huku amemwacha mjane asiyejua kama ni mjane, na watoto wasiojua kama ni mayatima. Nia yake ni njema, na Mungu ndiye mwenye kulipa nia. Walakini mjane yule angelisaidiwa zaidi na kipande cha karatasi na penseli.

Sasa twarudi kwa aliyedhulumiwa kweli, yule aliyekwenda kwa ikhlasi, akaandika, akahisabu, na bado akasingiziwa. Uchungu wake si mdogo, wala hatumwambii kwamba si kitu. Twamkumbusha Abu Bakr Siddiq (R.A.). Alikuwa akimlisha Mistah, jamaa yake masikini. Mistah akawa miongoni mwa waliouvumisha uzushi juu ya Bibi Aisha, binti wa mwenye kumlisha. Abu Bakr akaapa hatompa kitu tena. Ni nani atakayemlaumu baba? Walakini ikashuka aya katika Suratun Nur, ikiwataka wenye fadhila wasiape kuwanyima jamaa na masikini na waliohama, na wasamehe, ikiwa wapenda Mwenyezi Mungu awasamehe. Abu Bakr akarejesha posho yake. Basi "hatwendi tena" ni neno ambalo mbora wa umma huu baada ya Mtume wake alilisema, kisha akaliacha. Na tena, waliokusingizia walikuwa barazani; aliye chini ya matope hakusema kitu. Kwa nini umwadhibu huyu kwa kosa la wale?

Na mtoaji naye ana fungu lake. Mwenye kusema "siwaamini, basi sitoi" hajamaliza hoja yake. Kutomwamini mtu kwakupa ruhusa ya kuubadilisha mkono unaoutia sadaka yako. Hakukupi ruhusa ya kuufumba mkono wako. Mpe unayemwamini, au peleka mwenyewe, au fuatana nayo. Ukiwa umezikataa njia zote, basi jiulize kwa siri kama ni dhana iliyokuzuia au ni ubakhili uliovaa kanzu ya dhana.

Mambo haya si ya Libya peke yake. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mafuriko ya Kenya yaliua watu zaidi ya 200, na watu wa Mto Tana walikuwa miongoni mwa waliohamishwa na maji. Na tarehe 4 Mei 2024 tufani ya Hidaya ilipiga kisiwa cha Mafia. Pwani yetu haiko mbali na balaa, wala hapana ajuaye zamu ya pili ni ya mtaa gani. Na wakati wa kutengeneza amana ni sasa, nchi ikiwa kavu; kwani siku ya maji hapana mwenye nafasi ya kutafuta daftari.

Basi kila msikiti na uweke watu watatu, wasiwe wa nyumba moja, na mmoja wao awe kijana ajuaye kuandika vizuri. Kila kinachoingia kiandikwe mbele ya aliyekileta, na kila kinachotoka kitiwe sahihi na waliokipokea huko kwenye msiba, wala si na waliokipeleka tu. Kila Ijumaa baada ya sala hisabu isomwe, na karatasi ibandikwe ukutani, na apewe nafasi mwenye kutaka kuuliza, naye aulize kwa adabu na ajibiwe kwa adabu. Kazi ikisha, hisabu ifungwe kwa tarehe, na kilichobaki kisemwe kimebaki wapi. Na vijana wafundishwe mapema na wajuzi wa kazi hizo namna ya kuokoa, na namna ya kumwandika maiti kabla ya kumzika. Mwenye kuuliza baada ya hapo atajibiwa na karatasi; na mwenye kunong'ona baada ya hapo, watu watamjua.

Muhtasari wa maneno yetu ni huu: dhana haiondoi wajibu, na nia njema haiondoi hisabu. Mwenye kuyashika yote mawili ametimiza haki ya Mungu na haki ya waja wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika mafuriko, na awape subira waliobaki, na azipokee amali za waliokwenda kuwaokoa, na atujaalie kuwa wenye kutunza na wenye kujua, na azisafishe nyoyo zetu na dhana mbovu, na ndimi zetu na maneno ya barazani. Amin.

Wallahu aalam.